Nahodha Aliyegeuza Omo Alipwe Haki Yake

Katika mizozo yote isikikayo fuoni kwetu, tangu Takaungu hata Malindi, sidhani kama upo uliozoeleka na kupuuzwa kwa pamoja kuliko ule uzukao baina ya mgeni na nahodha pale chombo kirudipo pwani kabla ya muda wake: mgeni hushika kwamba alilipia safari kamili akapewa nusu, naye nahodha hushika kwamba nusu hiyo ndiyo iliyowezekana kwa hali ya pepo na maji ya siku ile. Aghalabu mgeni hushinda, wala hashindi kwa uzito wa hoja yake, bali kwa kuwa fedha zingali mfukoni mwake, na mwenye fedha mkononi hahitaji ufasaha. Nimekusudia kumtetea huyo ashindwaye, kwa maana naona dhuluma hii ndogo, ambayo hapana kadhi wala hakimu apelekewaye, ndiyo mzazi wa maafa makubwa ambayo yakishatufika tunayaita kudura.

Kisa kimoja nilikishuhudia kwa kuwa nilikuwamo. Jamaa wa Malindi, pamoja na wageni wao waliotoka Nairobi kwa likizo ya Aprili, walipatana na mvuvi mmoja mtu mzima awapeleke kwa mitumbwi katika mkono wa bahari wa Kilifi, wapite chini ya daraja, wapande bara taratibu kwa kufuata maji yanapojaa, hata wafike pale yanapotanda yakawa bahari ya ndani, mahali paitwapo Bandari ya Wali, wawe wakipiga kafi mchana na kulala usiku katika mahema juu ya vipande vya mchanga vilivyosazwa na mikoko. Mitumbwi yenyewe ilikuwa ya mwembe, ya kuchongwa, mizito kuisukuma pwani lakini mitulivu ikishakaa majini. Ndani yake zilitiwa sufuria, unga, nazi, madumu ya maji ya kunywa, mahema, na vitu vingine ambavyo watu wa mjini hawapati usingizi bila ya kuwa navyo karibu, na ambavyo sitavitaja kwa kuwahifadhia murua wao. Usiku wa kwanza ulikuwa wa raha tupu, na kwa hiyo hauna mengi ya kusimuliwa.

Kulipokucha umande haukuvuma. Hewa ilisimama, joto likazidi, na upande wa kusini likainuka wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka kana kwamba limekatwa kwa kisu. Adhuhuri kusi ikaingia pamoja na mvua, wala haikuwa mvua ya kupita; ilinyesha hata usiku, na kwa kuwa mwezi ulikuwa mpevu na maji ni ya bamvua, ambayo katika pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ule mchanga uliokuwa mpana jioni ukabaki alfajiri haumtoshi mtu kujinyosha, na hema moja likawa limekwisha kuingia maji. Nahodha, ambaye hakulala, alikuja akatuamsha kwa upole: “Wanangu, fungeni mizigo sasa hivi, tuondoke maji yangali yamesimama. Mbele hatuendi.” Kijana mmoja katika wageni akamwonyesha simu yake, iliyokuwa imeandika kwamba mchana kutakuwa na jua. Mzee akaitazama kwa adabu, akamrudishia, akasema: “Bwana mdogo, simu yako iko Nairobi. Mimi niko hapa.”

Sababu ya haraka yake si wote walioifahamu saa ile, nayo yafaa kuelezwa, maana ndani yake mna elimu nzima. Kusi hutoka baharini ikaingia kwa nguvu katika mlango wa Kilifi. Maji yakipwa nayo hutoka kwa nguvu katika mlango uo huo kuelekea baharini. Na vitu hivi viwili vikutanapo uso kwa uso, mawimbi hayatambai tena bali husimama wima, mafupi, ya karibukaribu, na mtumbwi uliosheheni mizigo hauna nafasi ya kuinuka kutoka wimbi moja kabla ya kupigwa na la pili. Aliyengoja kifungua kinywa angekwenda kukutana na hayo chini ya daraja. Fauka ya hayo, mvua iliyonyesha usiku kucha haikunyesha juu ya vichwa vyetu tu. Ilinyesha bara pia, pande za Ganze, na vijito vya huko huweza kushusha magogo na matope wakati ambao mtu wa huku hana habari.

Tulirudi salama, tumelowa, wala hapana aliyepoteza hata kijiko. Na ilipotimia adhuhuri, kwa hizaya ambazo bahari huwatendea watu waadilifu, jua likatoka. Likawaka vizuri mno juu ya maji ya Kilifi, kama simu ilivyoahidi, na hilo jua ndilo lililokuwa hoja ya mashtaka: kama kungalikuwa na hatari, wako wapi waliozama? Wageni wakalipa nusu ya salio, tena kwa uso wa watu wanaofanya hisani. Mzee akazihesabu fedha mara moja, akazitia mfukoni, akashika njia kwenda kwa mwenye mitumbwi, kwa kuwa haikuwa yake.

Ajali iliyoepukwa haina shahidi. Nahodha aliyezamisha watu huweza kuhojiwa, na tume zikaundwa, na magazeti yakaandika. Lakini aliyewarudisha hana awezalo kuonyesha ila watu waliokasirika na jua linalowaka. Hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu lau halingekuwa na matokeo, lakini mtu yule atatoka tena mwezi ujao na wageni wengine, naye ana watoto wa kusomesha, na wingu litakapoinuka kusini atalitazama mara mbili: mara moja kwa jicho la bahari na mara moja kwa jicho la mfuko. Nani atamlaumu siku ile jicho la pili likashinda? Katika uvuvi wetu hasara hugawanywa, kwa maana chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia hugawana kilichosalia, hata siku mbaya ikawa mbaya kwa wote. Katika safari za starehe mambo yamegeuzwa: wakala huchukua chake mapema, mwenye chombo huchukua chake potelea mbali, na upungufu wote humwangukia yule mmoja ambaye maisha ya watu yamo katika uamuzi wake.

Wanazuoni wa fiqhi, ambao maneno yao yameongoza mapatano ya pwani hii kwa karne nyingi, walipambanua mikataba miwili ambayo sisi watu wa kawaida huichanganya. Upo wa ijara, ambao mtu hukodi kazi ya mwenziwe au manufaa ya kitu kwa ujira maalumu. Na upo wa juala, ambao mtu huahidi zawadi kwa atakayeleta tokeo fulani, mathalani kumrudisha mnyama aliyepotea, na asiyelileta hana chake, hata akihangaika nyikani mwezi mzima. Mgeni akodipo mtumbwi pamoja na nahodha wake, akataja siku na kiasi cha fedha, amefunga ijara. Lakini afikapo ufuoni kudai nusu yake, hunena kana kwamba alifunga juala, na kwamba Bandari ya Wali ni ngamia aliyepotea ambaye mzee yule alishindwa kumleta. Insafu haiko hapo. Alichokodi mgeni ni mikono, na chombo, na zaidi ya vyote rai ya mtu aliyekulia katika maji yale. Na rai hiyo haikufanya kazi yoyote siku ya raha, ambapo hata mtoto angaliweza kuongoza, bali ilifanya kazi yake yote asubuhi ile ya kurudi. Kumkata mtu ujira kwa siku hiyo ni sawa na kumlipa mlinzi kwa nyakati zote isipokuwa usiku aliofukuza wezi.

Wala si sisi peke yetu tuliopata kulifikiri jambo hili. Huko Kanada, wale wapiga makafi waliochukua ngozi za wanyama katika mitumbwi ya magome ya miti, karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, walikuwa wakizuiwa na upepo katika fuo za maziwa makubwa, wakae chini ya mitumbwi iliyopinduliwa hata maji yatulie. Lakini wengi wao walikuwa wameandikiwa mikataba mbele ya waandishi wa sheria mjini Montréal, kwa msimu au kwa miaka, ujira ukiwa umetajwa tangu mwanzo, na hivyo siku iliyoliwa na upepo ilikuwa hasara ya tajiri, si ya mpiga kafi. Wale hawakuwa watu wa starehe, na matajiri wao hawakuwa watu wa huruma. Ila walijua ni nani anayefaa kuibeba hasara ya hewa.

Yawezekana kwamba sisi tumesahau kwa sababu ya neema. Kabla ya daraja la Kilifi kukamilika mwaka 1991, kila aliyetoka Mombasa kwenda Malindi, awe waziri au mchuuzi wa machungwa, alisimama pwani ya Mnarani akingoja pantoni, na katika kule kungoja alijifunza, apende asipende, kwamba maji yana idhini yao ambayo lazima iombwe. Leo gari hupita juu kwa dakika moja, abiria amelala, na mkono wa bahari ulioko chini yake umekuwa picha tu. Mtu aliyelelewa hivyo anapoteremka mtumbwini huchukua pamoja naye mazoea ya barabarani, ambako aliyelipa nauli ya Malindi akashushwa Gede ana haki ya kugomba.

Tena tumebadili kalenda. Wazee wa pwani walikuwa na hesabu ya mwaka wa jua, ianziayo siku ya Nairuzi, ambayo ilizigawa siku 365 kwa makumi yaitwayo miongo, nao wakulima na mabaharia walijua ni mwongo gani pepo hugeuka na ni mwongo gani vyombo hupandishwa nchi kavu. Hesabu hii waliiweka kando na ile ya mwezi mwandamo, ambayo kwayo tunafunga na kuhiji, kwa kuwa mwezi mwandamo huizunguka misimu yote wala haumwambii mtu lini atweke tanga. Watu wa Makunduchi, Unguja, wangali wakiiadhimisha siku ya mwaka huo kila Julai kwa ada ya Mwaka Kogwa. Sisi wengine tumebaki na kalenda ya shule. Likizo ya Aprili hutuangukia katika maleleji, pepo zinapogeuka, na mwanzo wa masika; likizo ya Agosti hutuangukia kusi ingali na nguvu zake; ni ile ya Desemba pekee inayopatana na kaskazi, pepo za maji matulivu na samaki wengi. Yaani wingi wa wageni wetu wa nchini hufika pwani katika nyakati zile ambazo babu za wenyeji wetu walikuwa wamekaa barazani wakishona matanga.

Na kusi si upepo wa kufanyiwa mzaha. Huanza Aprili ikaendelea hata Oktoba, ikazidi ukali katikati, Juni na Julai, wakati ambao vyombo vya tanga vilikuwa havisafiri na watu husema bahari imefungwa. Mkondo wa maji upitao kando ya pwani yetu kuelekea kaskazini huongezeka kasi katika miezi hiyo, hata mtumbwi utokao Malindi kwenda Watamu huwa na mahasimu wawili, mmoja juu ya maji na mmoja chini yake. Hata katika Mida, ambako miamba na misitu ya mikoko humpa mtu dhana kwamba yumo nyumbani, maji yote ya eneo lile pana hupita katika mlango mmoja, na saa ya kuupita haichaguliwi na mwenye hoteli.

Asidhani mtu kwamba kupiga kambi ufuoni ni jambo la kuazima ugenini. Wavuvi wa Pemba na wa pwani ya kusini wamekuwa wakija kaskazini kwa msimu, hata Malindi na kuendelea, wakipiga dago katika fuo na visiwa, wakiishi chini ya makuti kwa wiki nyingi, wakikausha samaki na kupika katika mafiga ya mawe. Ila dago hufuata pepo. Mwenye dago hakuweka ahadi na afisi kwamba Jumatatu atakuwa kazini, na kwa hiyo hakuna kimvutacho kusafiri siku ambayo haifai.

Malindi, kati ya miji yote ya pwani, haikupasa kuhitaji kufundishwa hili, kwa sababu ndiyo iliyoshuhudia somo lenyewe likisomeshwa kwa bei kubwa kupita zote. Vasco da Gama alifika hapa katikati ya Aprili 1498. Mfalme wa Malindi alimpa rubani mjuzi wa bahari ya Hindi, na tarehe 24 ya mwezi ule wakang'oa nanga, kusi ndiyo kwanza inaanza kuvuma, ikawasukuma tangani kwa takriban siku 23 hata wakaiona nchi ya Hindi. (Husemwa sana kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mwana wa Julfar, lakini wanahistoria wa leo hawalikubali, nami sioni haja ya kumtwika mzee wa watu kosa la kumwonyesha njia Mreno.) Ajabu si kwenda kwao, ajabu ni kurudi. Waliondoka pwani ya Hindi mapema Oktoba, bila ya kungoja kaskazi itimie, kwa kuwa mkuu wao alikuwa amegombana na watawala wa Calicut na moyo wake ulikuwa kwao Ureno. Na bahari ile ile waliyoivuka kwa siku 23 ikawachukua karibu miezi mitatu, mara shwari isiyosogeza chombo, mara pepo za mbisho, maji ya kunywa yakipungua, ufizi wa watu ukivimba na kuoza kwa kiseyeye. Walikufa watu 30 katika kuvuka huko. Walipotia nanga Malindi tarehe 7 Januari 1499 waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, na baada ya kuondoka hapa ikawabidi waichome moja kwa moto, São Rafael, kwa ukosefu wa mikono.

Ibn Majid mwenyewe, katika kitabu chake cha Fawaid alichokiandika yapata mwaka 1490, aliieleza kwa urefu misimu ya kusafiri na nyakati za kutoka na kurudi kwa kila bandari. Elimu hiyo ilikuwapo, ilikuwa imeandikwa, na watu wa Malindi walikuwa nayo vichwani. Watalii wetu hupiga picha mbele ya ile nguzo ya Vasco da Gama iliyoko juu ya jabali, wakasomewa habari za ushujaa wa mtu aliyefika; laiti wangalisomewa pia habari za msimu aliokataa kuungoja.

Pengine mtu atasema hayo ni ya zama za matanga. Basi na tuje katika zama za mashine. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya MV Skagit, iliyoundwa kwa ajili ya maji ya Puget Sound huko Marekani, ilipindukia karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na watu wengi wakaangamia. Mashine haikumtisha kusi. Na mwezi wa Mei 2024 tuliletewa jambo ambalo wengi wetu tulidhani ni la Madagaska na Msumbiji tu: kimbunga Hidaya, ambacho kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia tarehe 4, na ambacho kabla hakijafika serikali yetu ilipiga marufuku uvuvi, kuogelea na shughuli zote za fuoni katika pwani ya Kenya. Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu ya mahali tulipo: mzunguko wa dunia, ambao ndio uzungushao dhoruba hizo, una nguvu ndogo karibu na ikweta, nayo Malindi iko digrii 3 na kidogo tu kusini mwake. Lakini nadra si muhali. Unguja ilipigwa Aprili 1872, minazi na mikarafuu ikalala; Lindi ilipigwa Aprili 1952; na mwezi huo wa Aprili ndio ule ule wa likizo yetu.

Nalikumbuka marufuku lile la 2024 kwa sababu nyingine. Mvuvi wa Kilifi aliyetii alilala siku zile bila ya kitoweo cha kuuza, ilhali mvua ya masika ilikuwa imekwisha kuharibu njia na bei za vyakula. Na mawimbi yalipokuwa madogo kuliko yalivyohofiwa, wapo waliocheka, wakasema Idara ya Hali ya Hewa imewanyima watu riziki kwa uvumi. Ni shauri lile lile la jua la adhuhuri. Idara ile ina kituo Malindi, hutoa utabiri wa bahari, na wataalamu wake hufanya kwa vipimo yale ambayo mzee wetu hufanya kwa macho na masikio; hawa wawili si mahasimu, na nahodha hodari ninaowajua husikiliza redio kwanza kisha hutoka nje kutazama. Asiyefaa ni yule wa tatu, mwenye kuhukumu tahadhari kwa matokeo yake.

Najua kuna jawabu la upande wa pili, nami sitalidharau. Mgeni hakuokota fedha zake. Pengine amejinyima mwaka mzima ili watoto wake waione bahari, likizo yake ni fupi, na chumba alichokodi hakirudishiwi fedha. Tena yupo nahodha ajizi, ambaye kila wingu kwake ni tufani, hasa siku ambayo kwao kuna harusi. Yupo; kama alivyo fundi ajizi na mwandishi ajizi. Lakini dawa ya ajizi haiwezi kuwa adhabu inayowaangukia waadilifu kwanza. Dawa yake ni sharti lililoandikwa kabla ya chombo kushushwa majini, na mashahidi, na sifa ya mtu, ambayo katika vijiji vyetu vya pwani haijifichi.

Sharti lenyewe si gumu. Ujira wa nahodha na wapiga makafi wenzake ulipwe wote kabla ya safari, nao usirudishwe kwa sababu ya hewa, wawe wamelala nje usiku mmoja au hawakulala kabisa. Kirudishwacho, kama kipo, kitokane na fungu la wakala na la chakula kisicholiwa, kwa kuwa hao hawana uamuzi wa kufanya majini na kwa hiyo hasara haiwezi kuwapotosha. Neno la nahodha juu ya kuondoka, kungoja na kurudi liwe la mwisho, na mgeni atie sahihi kwamba amelisoma. Vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, ambavyo vimo katika kila pwani ya kushushia samaki, viweke daftari la safari hizo: aliyekwenda, saa aliyotoka, saa ya kurudi na sababu, na aliyerudi mara nyingi bila ya sababu atajulikana humo humo. Serikali ya kaunti, ambayo hutoza ada za kila namna kwa vyombo hivi, haikosi karani wa kuandika ukurasa mmoja wa mkataba wa mfano kwa Kiswahili. Na majaketi ya kujiokolea yawe ya idadi ya watu, si ya idadi ya picha.

Kwa mgeni ambaye safari yake imekatika, siku haijafa. Magofu ya Mnarani yako juu ya maji yale yale aliyotaka kuyalalia; ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, hayadhuriwi na kusi; na msitu wa Arabuko-Sokoke hupendeza kuliko wakati wowote mvua ikishakatika. Neno moja la pembeni: watu warudio kwa haraka huacha taka, na nimeona kambi za likizo katika mikoko ambazo ungedhani zimepitiwa na jeshi lililoshindwa. Wahenga walisema mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Mvua si udhuru wa kuacha chupa.

Nawaomba basi wenye mitumbwi na mashua wa Takaungu, Mnarani, Kilifi, Mida, Watamu na Malindi, pamoja na mawakala wanaowaletea wageni, wakutane mapema, kabla likizo ya Agosti haijatufikia na kusi ingali ikivuma, wakubaliane juu ya sharti hilo moja la ujira wasije wakapunguziana. Nawe msomaji utakayekuja kwetu na hema lako, mlipe nahodha wako fedha zake zote pwani kabla ya kupanda, na akikwambia mnarudi, funga mzigo.